Sindano Namba Nane

Jumanne, 7 Juni 1994

Nimepata! Nimerudi sasa hivi kutoka gulio la Soni. Viatu vimejaa tope, mgongo unauma, lakini nimepata.

Belo zima la uzi wa sufu. Si nguo za mitumba, ni uzi mpya kabisa, mnene, bluu iliyokoza. Rangi ileile ya masweta ya sekondari ya wasichana! Mwenye belo alilifungua mbele ya watu akitegemea makoti ya Ulaya. Alipoona madonge ya uzi alikaa chini akashika kichwa. Siku hizi kila kitu ruksa kuingia nchini, hata vitu ambavyo hakuna anayejua ni vya nini. Nikasogea. Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiye na haja, kama huo uzi ni wa kufungia mbuzi. Akasema Karani, chukua, utaniondolea aibu. Nikamvulia saa yangu ya mkono, na kesho atakuja kuchukua redio. Redio ni ya mke wangu Zakia. Nitamweleza polepole.

Bado wananiita Karani. Ghala la ushirika lilifungwa tangu mwaka juzi na wote tukapunguzwa kazi, lakini kila asubuhi mimi navaa koti, nachomeka kalamu mfukoni, natoka. Nikifika sokoni sina pa kwenda. Nazunguka. Inauma. Sijamwambia mtu kwamba inauma, naandika humu tu.

Sasa basi. Mwalimu Imelda, mkuu wa ile sekondari, amebandika tangazo posta. Anatafuta mtu wa kufuma masweta tisini kabla baridi ya Julai haijakaza. Kila anayetaka kazi alete sweta moja la mfano Jumamosi tarehe 25, saa nne asubuhi. Moja tu! Nina uzi. Nina mke ambaye hakuna anayemshinda kufuma kuanzia hapa Lushoto mpaka Mlalo. Nina kalamu. Kampuni imeshazaliwa: Usambara Sufu na Masweta. Mkurugenzi, mimi. Muhuri nimeuchonga kwenye kiazi.

Zakia kaupokea uzi. Kaubonyeza, kaunusa, kauvuta, kauma ncha yake. Kisha akauliza utafumwa kwa sindano gani. Nikamjibu sindano ni sindano. Akasema Baba Mariamu, huu ni mpango wa saba, ukihesabu sungura, jamu ya plamu na ule wa kuuza barafu huku kwenye baridi. Safari hii anaweka sharti. Tusipopata hiyo kazi tarehe 25, Jumatatu yake anahamia kikundi cha Mama Yudith, yeye na mikono yake miwili.

Mama Yudith! Mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wa kanisani, miaka miwili anamwinda mke wangu. Naye kwa vyovyote atapeleka sweta lake la mfano. Yaani nikishindwa, napoteza masweta tisini na mfanyakazi wa pekee wa kampuni kwa mpigo mmoja.

Hayo ya redio sikuyagusa.


Alhamisi, 9 Juni

Redio imejulikana. Jana nimekula ugali bila mboga.

Zakia ameanza kazi hata hivyo. Anafuma kwa spoki, kama wanawake wote wa huku. Spoki mbili za baiskeli zilizonyooka, ncha zimenolewa kwenye jiwe, basi. Kwa spoki hizo ameshavalisha nusu ya mtaa. Lakini mchana kutwa leo ametoa kipande cha ukubwa wa kiganja tu. Vidole vimevimba. Uzi hautaki kupita, na ukipita hautaki kurudi.

Nilikichukua kile kipande nikakisimamisha mezani. Kikasimama! Nikakigonga. Kikaitika. Nikasema hii ni sufu imara sana, mtoto hataichana hata akipanda miti. Zakia akasema hata kuinama hatainama.

Kisha akanieleza, huku amelowesha vidole kwenye maji ya chumvi. Uzi mnene unataka sindano nene. Sufu haipashi joto yenyewe, kinachopasha ni ule upepo inaoukamata ndani, ukiibana hakuna upepo na hakuna joto. Jambo hili sikulijua! Limenishangaza kweli, nimevaa masweta miaka arobaini na mitano bila kujua nimevaa upepo. Nikamuuliza sasa unene wenyewe unajulikanaje. Akasema ndivyo bibi yake alivyomfundisha: unachukua uzi, unaukunja mara mbili, unaulaza kando ya kijiti. Ukilingana, hiyo ndiyo sindano yako.

Nikasikiliza kwa heshima. Lakini mkurugenzi hawezi kuendesha kiwanda kwa kukunja uzi. Lazima kuwe na namba. Kule ghalani kila kitu kilikuwa na namba, hata ufagio. Kesho naanza utafiti.

Jambo moja zaidi. Nimemkataza Zakia kumwonyesha mtu yeyote uzi huu. Yule wa Soni ana mabelo mawili mengine kama hili. Mama Yudith akiuona tu, tumekwisha.


Ijumaa, 10 Juni

Siku ya utafiti. Nimetoka msikitini moja kwa moja mpaka jikoni. Zakia alikubali kufuma mistari minne kwa kila chombo, alisema naye anataka kuona mwisho wake. Matokeo ni haya.

Waya wa mwavuli. Mbaya kuliko spoki. Mwavuli nao umeharibika.

Mwiba wa nungunungu. Mzuri kuangalia, mweusi na mweupe, unateleza vizuri. Ila umenenepa katikati na kwisha pembeni, kwa hiyo kila kitanzi kina ukubwa wake. Kitambaa kimetoka na mawimbi.

Mpini wa mwiko, nimeukata vipande viwili. Nilidhani hapa ndipo penyewe. Kimetoka kitu ambacho ngumi yangu inapita bila kugusa pembeni. Zakia alikivaa kichwani akauliza kama shule inacheza mpira wa wavu. Mwiko mwingine hatuna, kwa hiyo uji wa jioni umekorogwa kwa kijiko.

Penseli mbili. Hizi zimefanya vizuri kwa kushangaza. Kitambaa laini, kinavutika, kinarudi. Zakia alikibonyeza, akakiweka shavuni. Akasema unene ni karibu hapa hapa, zidisha kidogo tu, ila penseli ni fupi, vitanzi vinadondoka. Nami nimezitupilia mbali. Kwanza, mkurugenzi hawezi kusimama mbele ya mkuu wa shule akasema amefuma kwa penseli. Pili, nimezichunguza pande zote, hazina namba. Zimeandikwa HB.

Kila jibu linaleta swali. Kwa nini penseli na si mwiko? Nani wa kwanza aliyekaa akaamua unene wa sindano? Nimelifikiria hili mpaka chai ikapoa.

Muhuri wa kiazi umeanza kunuka.


Jumapili, 12 Juni

Nimefanya ujasusi. Mchana, baada ya ibada, nilikwenda kumsalimia Mama Yudith kwake, na kabichi mbili mkononi ili isionekane nimefuata kitu.

Alinikaribisha kama vile alikuwa ananingoja. Hapo ndipo nilipoanza kumshuku. Chai, viazi, habari za nyumbani, Mama Mariamu hajambo? Nami macho yangu ukutani. Kuna kibao! Kibao cha plastiki chenye matundu kuanzia dogo mpaka kubwa, na kila tundu limeandikwa namba. Nikauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, kile ni nini.

Akakitoa ukutani akanipa. Alisema aliachiwa na sista Mjerumani aliyekuwa akiwafundisha ufumaji, siku anarudi kwao. Unachomeka sindano tunduni, tundu linalokaa sawasawa ndilo namba yake. Spoki zao zinakaa tundu namba mbili. Nikauliza, na kama mtu ana uzi mnene, tuseme mnene sana, simsemi mtu yeyote? Akafungua kasha akatoa sindano mbili za mti zilizochongwa Ulaya, nene kama kidole changu kidogo. Akasema kwa uzi mnene kabisa sista alitumia hizi. Akazichomeka tunduni. Zikakaa nane.

Nane! Nikaiandika kiganjani chini ya meza.

Sasa tazama ujanja wa huyu mama. Akasema kama tuna uzi mnene niulete tuujaribu tundu kwa tundu. Akasema hata kibao naweza kukiazima, na sindano zenyewe, kikundi chake hakina uzi wa hivyo. Nani anampa mshindani wake silaha? Ni mtego mtupu. Nikamshukuru, nikamwambia sisi uzi wetu ni wa kawaida kabisa, nikaaga. Alinipa na karoti.


Jumatatu, 13 Juni

Nimempa Issa, kondakta wa basi la Tanga, kikaratasi cha kupeleka duka la nyuzi kule mjini. Nimeandika kwa mwandiko wa ghalani: Sindano za kufumia, namba nane, jozi mbili, haraka. Issa alinipa shikamoo kisha akauliza kama sina kipande cha uzi wa kuonyesha dukani. Nikamwambia namba inatosha, namba haina ubishi.

Zakia ameanza kunyoosha nguo zake za kutokea. Sikuuliza ni za kwenda wapi.


Jumatano, 15 Juni

Zimefika! Nzuri ajabu. Za chuma, zinang'aa, zina vifundo mwishoni na kwenye kila kifundo imechorwa 8.

Nyembamba.

Nilidhani ni macho yangu. Nikavaa miwani. Nyembamba! Ni nene kuliko spoki, sawa, lakini ni kama nusu tu ya zile za Mama Yudith. Zakia alifuma mistari mitatu akarudisha mikono kwenye maji ya chumvi. Kipande hakikusimama mezani, ila kiliegemea.

Nimelitafakari suala hili kitaalamu. Mwenye duka amepunguza. Biashara huria imewafanya watu wawe wepesi kupunguza, sabuni imepungua, mkate umepungua, sasa sindano. Dawa yake ni kuagiza kubwa zaidi ili akipunguza ibaki inayonifaa. Nimeagiza namba kumi na moja.

Zakia aliuliza kama safari hii nimetuma na uzi. Nikamkumbusha neno siri.


Ijumaa, 17 Juni

Namba kumi na moja ni nyembamba kuliko namba nane.

Nimeandika sentensi hiyo mara mbili kwenye karatasi nyingine ili niiamini. Nilitoka nje, nikazunguka nyumba, nikarudi. Bado nyembamba.

Huyu mtu wa Tanga ananichezea. Kadiri ninavyopanda ndivyo anavyoshuka! Zimebaki siku nane. Nimeagiza namba kumi na nne, nimepiga mstari chini yake mara tatu, nikagonga muhuri wa kiazi japo sasa unaacha maji zaidi ya maandishi. Issa alikishika kikaratasi kwa ncha za vidole.


Jumapili, 19 Juni

Namba kumi na nne. Zakia ametumia moja kujitoa mwiba mguuni.

Sikukata tamaa. Nilichukua rula yangu ya ghalani nikapima zote, nikaandika jedwali. Namba nane, milimita nne. Namba kumi na moja, milimita tatu. Namba kumi na nne, milimita mbili. Nikachora mchoro. Umenyooka kama barabara! Sijawahi kuona mchoro ulionyooka hivyo, hata hesabu za kahawa hazikunyooka namna hii. Nimeutazama kwa raha kabisa, nikasahau kwa muda kwamba nina matatizo.

Nimehitimisha kwamba mwenye duka hawapendi watu wa milimani.

Zakia alipita nyuma yangu, akautazama mchoro begani kwangu, akauliza je, nikiufuata ule mstari kwa kurudi nyuma unafika wapi. Nikamwambia hatuendi nyuma, tunakwenda mbele.


Jumatatu, 20 Juni

Issa ameleta barua ya mwenye duka. Naiandika jinsi ilivyo: Mzee wangu, sindano zangu ni za hesabu ya Kiingereza. Namba ikipanda, sindano inapungua. Usipoteze nauli ya barua, nitumie kipande cha uzi nikuchagulie.

Nilikaa kwenye kiti pale stendi mpaka basi likaondoka. Kumbe! Mjerumani anapima unene, kwa hiyo nane yake ni milimita nane, na kibao cha Mama Yudith ni cha Mjerumani. Mwingereza anahesabu kinyumenyume, kwa hiyo nane yake ni milimita nne, na duka la Tanga ni la hesabu ya Mwingereza. Wote wawili waliitawala milima hii, wakaondoka, kila mmoja akaacha nane yake, na mimi nimekaa katikati kama mlevi. Ni jambo la ajabu mno. Nilimweleza kila aliyepita stendi. Muuza karanga alisikiliza mpaka mwisho.

Somo, nimelipigia mstari ili nisisahau: Waingereza huhesabu sindano kinyumenyume. Sindano za kufumia.

Kuagiza tena hakuna muda, zimebaki siku tano. Nikaenda kwa Fundi Paskali, seremala. Huyu ni mtu wa Songea, alikuja zamani kuchuma chai Mponde, sasa anachonga vitanda hapa barabarani. Nikamwagiza jozi moja, namba nane ya Kijerumani. Akasema yeye anajua misumari ya inchi, Wajerumani hawajui. Nilete huo uzi auone. Nikamwambia uzi ni siri ya kampuni. Akasema basi na sindano nazo ziwe siri ya kampuni, akaendelea na randa lake.

Mtu mzima ana kiburi! Nimerudi nyumbani na hasira na bila sindano.


Jumatano, 22 Juni

Asubuhi Zakia hakuwepo. Nikadhani ameshaenda kwa Mama Yudith kabla ya tarehe. Niseme ukweli, nilirudi kukaa kitandani. Sikuwaza masweta hata kidogo.

Saa tatu akarudi. Mkononi vijiti viwili. Alifunga kipande cha uzi kwenye pindo la khanga, akaenda kwa Paskali, akaufungua, wakaukunja mara mbili, Paskali akachagua tawi kavu la mbuni, akachonga, akalainisha kwa kigae cha chupa. Alimaliza Zakia hajamaliza chai aliyokaribishwa.

Siri ya kampuni imevuja! Nilifoka. Kisha nikaona nipime vijiti kwa rula, kwa ajili ya kumbukumbu. Milimita nane. Nane kamili! Nilikuwa sahihi tangu tarehe kumi na mbili! Nikamwonyesha Zakia. Akasema ndiyo, Baba Mariamu, huku anaanzisha vitanzi.

Na sasa inakwenda. Kila nikigeuka mstari umeongezeka. Kitambaa kinatoka laini, kizito, kinapumua. Nimekaa kumtazama mchana kutwa, nikiuliza maswali. Kwa nini vitanzi vinahama upande? Unajuaje pa kupunguza kwapani? Alijibu yote bila kuchoka.


Ijumaa, 24 Juni

Sweta limekwisha adhuhuri. Nimelijaribu mimi, mikono imeniishia kwenye viwiko kwa sababu ni la msichana, lakini lina joto! Nilisimama nalo nje, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na sikusikia baridi. Zakia akanitazama akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. Siku nyingi sana sijamsikia akicheka kwa jambo nililolianzisha mimi. Machozi yalinitoka, nikasema ni ukungu.

Kesho saa nne.


Jumamosi, 25 Juni

Naandika haraka, nikichelewa nitajaribu kupamba.

Tulifika ofisini kwa Mwalimu Imelda kabla ya saa. Zakia akabaki barazani. Mama Yudith alikuwemo na sweta lake la spoki, safi, limenyooka, jembamba. Mwalimu Imelda akalishika la kwao, akalisifu. Akalishika la kwetu. Akaingiza mkono ndani, akalikunja, akaliweka begani. Akasema hili ndilo. Akasema wasichana wake wanatetemeka darasani mpaka mwandiko hausomeki, na hili litawafaa. Mama Yudith mwenyewe akasema ni kweli, hili ni sweta.

Nimeshinda! Nilikuwa mtu tena, pale pale, kwenye lile zulia. Mwalimu akachukua kalamu aandike barua. Kisha akauliza swali moja dogo, kwamba wafumaji wametumia sindano namba ngapi, ili fundi wa shule ajue akitaka kuziba.

Ningesema vijiti. Ningesema nane. Lakini Mama Yudith alikuwa amekaa pale, masikio wazi, na nikiitaja nane si ndiyo nimemkabidhi kampuni? Nikakohoa. Nikasema namba kumi na nne.

Mwalimu Imelda aliweka kalamu chini. Kumbe alisoma zamani kwa walimu wa Kiingereza na kufuma anajua kuliko kufundisha. Akasema uzi huu kwa namba kumi na nne ni muujiza, na angependa kuuona. Akafungua mtoto wa meza, akatoa jozi ya namba kumi na nne, akachukua na donge la uzi tulilolileta pamoja na sweta, akanipa. Mistari miwili tu, Mkurugenzi.

Sijawahi kufuma maishani mwangu. Nilikuwa naweza kumwita Zakia. Alikuwa hatua tano kutoka hapo. Nikasema moyoni, nimemtazama siku tatu, nitashindwaje? Nikaanza. Uzi ukapanda kwenye kifundo, ukazunguka kidole gumba, ukaingia kwenye kifungo cha koti. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Mama Yudith aliinamisha uso akatazama viatu vyake.

Mlango ukafunguliwa. Zakia aliingia, akamwamkia Mwalimu, akanifungua uzi kwenye kifungo bila kunitazama. Akatoa vile vijiti kwenye mkoba, akakaa, akafuma mistari miwili. Mwalimu akavipokea vijiti akavigeuzageuza, akauliza nani kamchagulia. Zakia akasema aliukunja uzi. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali, akachukua kalamu tena, akaandika jina. Si la kampuni. Si langu. Zakia.

Naye Zakia akasema ahsante, lakini masweta tisini kabla ya Julai kukaza hayawezi mtu mmoja. Akamgeukia Mama Yudith akamuuliza kama wanawake wake wanataka kazi. Uzi upo, na yule wa Soni ana mabelo mawili mengine. Mama Yudith akainuka akamkumbatia.

Kwa hiyo Jumatatu mke wangu anakwenda kwa Mama Yudith, pamoja na uzi wangu, siri yangu na vijiti vyangu. Nimeona aibu mpaka masikioni. Tulipofika mlangoni ndipo aliposema, kwa upole, kwamba ningesema tu kijiti.


Jumatatu, 27 Juni

Kikundi kimenipa kazi. Mwanzo walisema nikunje madonge. Nikakubali kwa sharti la cheo. Mama Yudith akauliza cheo gani, nikafikiri, nikasema Ofisa Manunuzi. Wakashauriana kidogo, wakakubali. Zakia alinitazama kwa jicho ambalo halikuwa baya.

Wanafumia uani kwa Mama Yudith, chini ya turubai lililotoboka. Uzi wote umerundikwa hapo, mabelo matatu pamoja na yale mawili ya Soni. Wanataka kibanda kabla mvua haijaunyeshea. Paskali amechonga jozi kumi na tano za vijiti na sasa anasimamisha nguzo. Kesho mimi naenda Soni kununua mabati kumi. Mama Yudith ameniambia unene uwe geji ishirini na nane. Zakia naye ameniambia geji ishirini na nane. Paskali ameniita pembeni akaniambia geji ishirini na nane. Wananichukulia kama mtoto!


Jumanne, 28 Juni

Siku yangu njema kuliko zote mwaka huu.

Dukani Soni kulikuwa na geji ishirini na nane, lile wanalonunua watu wote. Lakini pembeni niliona mzigo mpya, umefika wiki hii, unameremeta. Nikasoma maandishi. Geji thelathini na mbili! Imepita kwa nne nzima, na watu wanapishana nayo bila kuiona.

Sikukurupuka. Nimejifunza kuuliza. Nikamuuliza mwenye duka kama mabati haya yametoka Uingereza. Akasema hapana, yametoka India. Nikamuuliza kama yana uhusiano wowote na sindano. Akanitazama, akasema hayana. Basi, kanuni ya Waingereza haihusiki hapa.

Mwenye duka akabonyeza bati moja kwa kidole gumba, likabonyea, likabaki na shimo. Akasema Karani, mimi kwangu nisingeezeka hili. Nikamwambia nimechoka na wenye maduka wanaonishusha kila ninapopanda. Akafunga mzigo.

Na wepesi wake! Geji ishirini na nane hubebwa na watu wawili wanaohema. Mimi nimeyabeba yote kumi kichwani peke yangu kutoka stendi mpaka uani, mkono mmoja mfukoni. Hayo ndiyo maendeleo.

Paskali alipoyaona aliweka nyundo chini. Nikamwamuru aichukue. Alasiri kibanda kimeezekwa, na kwa cheo changu nimehakikisha uzi wote umehamishiwa chini yake, mabelo yote matatu na masweta kumi na moja yaliyoanzwa.

Wanawake wameondoka mapema kwa sababu wingu zito limetanda juu ya mlima Magamba na upepo umeanza. Mimi nimebaki. Bati la pembeni linapiga makofi. Nimevuta kiti uani na daftari hili, nina hamu kubwa ya kuona thelathini na mbili inavyofanya kazi.